Mashauri Mengi na Mtoto Mmoja



Kila mtoto azaliwapo, mashauri huzaliwa pamoja naye. Bibi ana lake, jirani ana lake, shangazi aliyekuja kwa basi kutoka Tanga ana lake, na siku hizi simu ya mkononi ina elfu. Huyu asema mtoto asitolewe nje mpaka siku arobaini zitimie. Yule asema apewe maji yenye sukari ili tumbo lisimsokote. Wa tatu asema asibebwe mno, asije akazoea mikono. Nao wote hunena kama watu wenye hakika. Asiye na hakika ni mzazi peke yake, naye ndiye atakayeulizwa habari mtoto akiugua.

Nataka kuwaandikia jinsi mimi na mke wangu tulivyopata moyo thabiti katikati ya mashauri hayo. Tuliupata kwa kujizoeza kuuliza, juu ya kila shauri, limejaribiwa kwa njia gani na kwa watoto wangapi. Swali hili si geni kwangu, maana mimi ni mwalimu wa sayansi. Kila mwaka wanafunzi wangu huotesha maharagwe katika makopo mawili, moja gizani na moja penye mwanga, udongo ule ule na maji yale yale, wapate kuona tofauti imetoka wapi. Lakini maharagwe hayana bibi. Kuuliza swali lile lile mbele ya mama mkwe, juu ya mjukuu wake, kwataka adabu nyingi na ulimi laini.

Binti yetu alizaliwa mwezi wa Julai mwaka 2022, majuma saba hivi kabla ya siku zake kutimia. Uzito wake ulikuwa gramu 1,650. Mtu aliyezoea kununua unga dukani aweza kuupima uzito huo mkononi: haufikii pakiti mbili za kilo moja moja. Sisi twakaa katika milima ya Usambara, na Julai kwetu ni mwezi wa ukungu. Asubuhi maji ya mtungi huuma vidole. Mtoto njiti hana mafuta mwilini ya kumhifadhi. Akipoa, nguvu yake yote hutumika kutafuta joto, hata asinyonye, asikue, na pengine asahau kupumua. Mambo hayo nilikuwa nimekwisha kuyasoma vitabuni, walakini kuyajua hakukuniletea usingizi.

Hospitalini alikuwako muuguzi mmoja, mama mtu mzima. Akamchukua mtoto, akamvua nguo zote isipokuwa nepi, akamvika kofia na soksi, kisha akamweka wima juu ya kifua kitupu cha mama yake, katikati ya maziwa, miguu imekunjwa kama ya chura na kichwa kimegeuzwa upande apate kupumua vema. Akamkaza kwa kitambaa, akawafunika wote wawili. Akasema, "Mama huyu ndiye moto wake. Asishuke hapo ila kwa haja."

Mama mkwe wangu alishtuka. Kwa desturi ya kwao mtoto wa namna hiyo huvikwa nguo nyingi, akalazwa karibu na moto, wala hashikwishikwi. Nami sisemi kwamba desturi hiyo ni ujinga. Wazee waliiona baridi ikiua watoto, wakapigana nayo kwa moto waliokuwa nao. Basi akamwuliza muuguzi kwa heshima, ila uso umekaza, "Mwanangu, jambo hili mmelitoa wapi?" Nilifurahi kwamba yeye ndiye aliyeuliza, kwa kuwa swali hilo lilikuwa limenikaa kooni.

Muuguzi hakuchukizwa. Akavuta kiti, akatueleza kwa utaratibu. Na mambo mengine niliyasoma mwenyewe baadaye, nikayaona kuwa ndivyo.

Asili yake ni mji wa Bogotá katika nchi ya Kolombia. Mwaka 1978 daktari mmoja, jina lake Edgar Rey, alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Watoto walibanana, wakaambukizana maradhi, wakafa. Ndipo alipoona vema kuwarudisha kwa mama zao, wabebwe kifuani ngozi kwa ngozi, kama vile kangaruu, mnyama wa Australia, abebavyo mtoto wake katika mfuko wa tumbo. Hata leo huitwa matunzo ya kangaruu. Sasa, habari hii ya mwanzo ilinitia mashaka badala ya kuniondolea. Nilisema moyoni: kumbe ni shauri la upungufu, ni mahali pa mashine palipowekwa mama kwa sababu mashine haikupatikana. Je, na sisi tumepewa hili kwa kuwa tu watu wa milimani?

Jibu la shaka hiyo lilitoka mbali na karibu kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limefanya uchunguzi katika hospitali tano kubwa: moja Ghana, moja India, moja Malawi, moja Nigeria, na moja hapa kwetu, yaani Muhimbili, Dar es Salaam. Walihesabiwa watoto 3,211, wote wenye uzito wa kilo 1 na zaidi lakini chini ya kilo 1.8. Binti yetu angaliweza kuwa mmoja wao. Wakati ule desturi ilikuwa kumngoja mtoto kwanza apate nafuu katika mashine, ndipo apewe mama ambebe. Wachunguzi walitaka kujua itakuwaje mtoto asipongojewa, bali awekwe kifuani tangu mwanzo, angali dhaifu. Wala madaktari na vyombo vyao hawakuondolewa. Mama alihamishiwa chumba cha watoto mahututi, akalala humo pamoja na mtoto wake, na matibabu yakaendelea akiwa kifuani.

Watoto waligawanywa makundi mawili kwa kura. Mama mkwe wangu hakupenda neno hili la kura. Aliona kama ni kucheza na roho za watoto. Nikamweleza kwa mfano wa mbegu. Kama wauguzi wangaliachiwa kuchagua, huruma ingaliwafanya kuwapa mama zao watoto wenye nguvu, na wanyonge kuwabakiza katika mashine. Na mwisho wa hesabu wale wa kifuani wangalipona wengi kwa sababu walikuwa na nguvu tangu awali, nasi tungalisifu kifua bure. Kura haimjui mwenye nguvu wala mnyonge. Hiyo ndiyo makopo yangu mawili ya maharagwe, udongo ule ule na maji yale yale. Akanyamaza kitambo, akasema, "Basi hapo sawa. Nami hugawa mbegu hivyo hivyo nisipojua ipi ni njema."

Habari ya uchunguzi ilitangazwa mwaka 2021. Katika kila watoto 100 waliobebwa mara moja, 12 walikufa kabla ya kutimiza siku 28. Katika kila 100 wa desturi ya zamani, walikufa karibu 16. Wasimamizi walipoziona hesabu hizo walishauri uchunguzi ukomeshwe kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwangojesha watoto wa kundi la pili. Tena miezi minne baada ya binti yetu kuzaliwa, Novemba 2022, Shirika la Afya Duniani likatoa agizo kwa nchi zote kwamba mtoto njiti abebwe ngozi kwa ngozi mara baada ya kuzaliwa. Muuguzi wetu alikuwa amelitangulia agizo.

Lakini mke wangu, aliyekuwa amelala na mtoto kifuani akisikiliza yote, aliuliza, "Na wale kumi na wawili?"

Hakuna aliyemjibu upesi. Muuguzi alimshika mguu juu ya blanketi, akasema, "Wale nao walibebwa na mama zao." Naona maneno hayo yalimfaa kuliko hesabu zangu zote. Maana hesabu haikumwahidi mtu mtoto wake. Ilituambia tu kwamba katika giza lile njia hii ina mwanga zaidi ya ile, na kwamba tukiishika tumefanya lililo bora katika yale yanayojulikana na watu. Toka siku ile sikumsikia mke wangu akiuliza tena, "Je, tunafanya sawa?" Aliogopa, naam, sote tuliogopa, lakini kuogopa kwa mtu ajuaye kazi ya mikono yake hakufanani na kuogopa kwa mtu atazamaye huku na huku.

Ikabaki kazi yenyewe, nayo ni ngumu. Katika uchunguzi ule watoto walibebwa kwa kadiri saa 17 katika saa 24. Mama mmoja hawezi, naye ana kujifungua juma lililopita, ana kukamua maziwa na kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, ana kuoga na kula. Tuliporudi nyumbani niligawa saa kama nigawavyo vipindi vya shule. Mke wangu alichukua sehemu kubwa. Bibi yake mtoto, yule yule aliyeshtuka, alidai zamu ya saa nane usiku hata majogoo, wala hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Zamu ya jioni ilikuwa yangu.

Hapo ndipo palipozuka jambo la heshima. Wote mwajua kwamba mkwe mume hakai kifua wazi mbele ya mama mkwe wake. Nami nyumba yangu ina sebule moja. Tulipatana hivi: nikiwa na mtoto kifuani, nakaa chumbani na kujitanda kitenge mpaka shingoni, naye mama mkwe hukohoa tangu uani na kupiga hodi mara tatu, hata kama amekuja kuchukua chumvi tu. Majirani wakapata la kusema. Kulikuwa na mzee mmoja aliyenisalimu njiani kila asubuhi, "Mwalimu, maziwa yametoka?" Nilimjibu kwamba bado, ila nikipata ziada nitamletea. Baba wengine walicheka mchana, na usiku wakaja kuniuliza kitambaa hufungwaje.

Siku ya arobaini na tatu mtoto alitimiza kilo 2 na nusu, akaanza kupiga mateke na kujitoa kitambaani. Muuguzi alikuwa ametuambia kwamba mtoto mwenyewe ndiye atakayesema basi.

Kuanzia hapo ilitulazimu kuyapima mashauri yaliyobaki. Maji ya sukari hatukumpa. Imepimwa katika nchi nyingi kwamba mtoto wa chini ya miezi sita anyonyaye maziwa ya mama peke yake huugua tumbo kidogo kuliko yule aliyechanganyiwa vitu. Siku arobaini za kukaa ndani tulizishika kwa furaha, isipokuwa siku za kliniki, kwa sababu zilimpa mama pumziko na kuwazuia wageni wenye mafua. Uzi mweusi wa mkononi hatukuufunga, nanyi mwajua kwa nini. Dawa fulani ya kusugua utosi tuliiacha kimya kimya juu ya kabati, na aliyeileta hakuulizia. Si kila shauri lataka vita. Lile la kutobebwa mno mama mkwe mwenyewe alilizima: kila aliyelitaja alionyeshwa mtoto na kuambiwa, "Huyu kubebwa ndiko kulikomponya."

Mwalimu mmoja kijana, rafiki yangu, alipoyasikia haya alisema, "Basi, njia ni kuwaacha wazee na kufuata vitabu vya wataalamu." Sikukubaliana naye, nikampa habari ya Daktari Benjamin Spock wa Marekani. Huyu alitoa kitabu cha malezi mwaka 1946, nacho kikanunuliwa na mamilioni ya watu, wakakitegemea kama tegemeo la nyumba. Katika matoleo ya miaka ya 1950 daktari alianza kushauri mtoto alazwe kifudifudi, kwa hoja ya kwamba akilala chali na kutapika atasongwa na matapishi. Hoja hii yaonekana kuwa ya akili sana. Mimi mwenyewe kama ningaliambiwa bila habari nyingine ningaliikubali. Lakini ilikuwa hoja tu, haikuwa imejaribiwa. Watoto wakalazwa kifudifudi Marekani, Ulaya na Australia, na wengine wakakutwa asubuhi wamekufa pasipo ugonjwa wa kuonekana.

Mwaka 1991 Uingereza, na mwaka 1994 Marekani, walianza kuwatangazia wazazi kwamba mtoto alazwe chali, na katika miaka iliyofuata vifo hivyo vya ghafula Marekani vilipungua zaidi ya nusu. Na mwaka 2005 Ruth Gilbert na wenzake waliyakusanya machunguzi yote ya zamani, wakaona kwamba yale yaliyokuwapo kufikia mwaka 1970 yangalitosha kuonyesha hatari, kama mtu angalijisumbua kuyaweka pamoja. Wakakadiria watoto 10,000 hivi wa Uingereza, na 50,000 au zaidi wa nchi nyingine za Ulaya, Marekani, Australia na jirani zake, ambao wangaliweza kuokoka. Nilimsimulia mama mkwe habari hii nikidhani atahuzunika. Kwanza alihuzunika kweli, baadaye akasema, "Kumbe hata wao wana shangazi zao."

Hapa msomaji mwangalifu ataniuliza: mbona mtoto wa kangaruu hukaa kwa tumbo juu ya kifua? Nami nilimwuliza muuguzi. Akasema kwamba yule yuko wima, juu ya mtu anayemsikia kila pumzi, amefungwa na kichwa kimetazamwa. Lakini siku atakapolazwa kitandani peke yake, na alazwe chali, kila mara, mchana na usiku, hata atimize mwaka. Ndivyo tulivyofanya.

Mtoto alipokwisha kunenepa, hofu ya mke wangu ilihama mwilini ikaenda kichwani. Alikuwa amesikia kwamba watoto njiti huchelewa akili. Alimtazama akiwa na miezi minane, hajaketi vizuri, akawa analinganisha na mtoto wa jirani. Mimi nikatafuta tena, nikakuta uchunguzi wa Kingston, mji mkuu wa Jamaika, ulioanzishwa mwaka 1986 na 1987 na Sally Grantham-McGregor, Christine Powell, Susan Walker na wenzao. Watoto wenyewe hawakuwa njiti. Walikuwa 129, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, waliodumaa kwa lishe duni katika mitaa ya maskini. Kwa hiyo sikuzitwaa hesabu zao kuwa ahadi kwa binti yetu. Ugonjwa wao na wake si mmoja. Nilitwaa njia yao.

Baadhi ya nyumba zile zilitembelewa mara moja kila juma, saa moja, kwa muda wa miaka miwili. Waliotembelea hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa kazi za afya wa mitaa ile ile, wasio na elimu ndefu. Walichukua vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa chupa za plastiki, vifuniko, maboksi na vipande vya mbao, na vitabu vya picha vilivyokatwa kwa mkono. Wakifika, hawakumnyang'anya mama mtoto ili kuonyesha ufundi wao. Walimwonyesha mchezo, wakamwachia mama acheze na mtoto, wakamsifu mama alipofanya vema, na walipoondoka waliacha vile vitu nyumbani mpaka juma lijalo. Walimhimiza mama kutaja majina ya vitu akimwogesha mtoto, kumjibu akitoa sauti, kumpongeza akijaribu.

Baada ya miaka 20 wachunguzi waliwatafuta watoto hao, wakawapata 105, sasa ni watu wazima wafanyao kazi. Wale waliochezewa nyumbani walikuwa wakipata mshahara zaidi ya wenzao kwa asilimia 25, wakawafikia hata wale ambao utotoni hawakudumaa. Tena walipigana kidogo na kuhuzunika kidogo. Nilisoma mara mbili nikitafuta ni dawa gani waliyopewa. Ilikuwa ni chupa, na mama, na saa moja.

Nikamsomea mke wangu. Alikaa kimya, kisha akasema, "Lakini hayo ninafanya." Na kweli alikuwa akifanya. Tangu mtoto alipokuwa kifuani alimweleza kila kitu: sasa tunakwenda jikoni, sasa baba amechelewa tena, sasa mvua. Hakuwa ameyahesabu kuwa malezi. Aliyaona kuwa ni kupoteza upweke tu. Toka jioni ile aliyafanya kwa nia, na kuyaongeza, na uso wake ukawa wa mtu mwingine. Binti yetu aliketi mwezi wa kumi, akatembea mwezi wa kumi na saba. Sasa ametimiza miaka mitatu. Ni mdogo kwa kimo, na kwa maneno hana mpinzani nyumbani isipokuwa bibi yake.

Walimu wenzangu watakaotaka kupeleka habari hizi kwa wazazi, nawakumbusha jambo lililotokea Bangladesh. Kuanzia mwaka 1980, kwa miaka kumi, shirika moja la huko liitwalo BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari guru kwa ajili ya mtoto mwenye kuhara. Walifika katika nyumba zaidi ya milioni 12. Wenye kufundisha walilipwa kwa kadiri mama alivyokumbuka somo alipoulizwa siku nyingine na mkaguzi, jambo ambalo naona lingetutoa jasho sisi wa shuleni. Hata hivyo, mwanzoni akina mama wengi walilijua somo vizuri wala hawakulitumia. Wakubwa wa shirika walipochunguza sababu waligundua kwamba wengi wa wale waliofundisha hawakunywa maji hayo wao wenyewe wakiharisha, hawakuyaamini. Pia waume walikuwa wameachwa nje ya mazungumzo. Wakawafundisha upya walimu wao mpaka wakaelewa kwa nini, wakaenda na kwa wanaume sokoni na misikitini, na matumizi yakaongezeka.

Kwa hiyo tulipoanza kukutana na wazazi shuleni kwetu, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mimi na mke wangu tulikwenda pamoja na mtoto, na mama mkwe akasema hawezi kubaki. Mara ya kwanza walikuja wanawake tisa na wanaume wawili, mmoja akiwa yule mzee wa maziwa. Tulisimulia habari ya Muhimbili na ya Kingston, tukatengeneza kayamba za chupa. Bibi mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, haya ya kayamba nimeyaelewa. Lakini nizungumze na mtoto asiyejibu, watu wakipita wasiseme nina wazimu?"

Kabla sijafungua kinywa, mama mkwe wangu alimjibu kutoka nyuma, "Mbona na mbuzi wako unazungumza?"

Watu walicheka hata mtoto akaamka. Jumamosi ijayo tutatengeneza vitabu vya picha. Mwenye kuja na alete boksi tupu la sabuni au la chai, mkasi kama anao, na chupa za plastiki zilizooshwa. Vifuniko vidogo na aviache nyumbani mahali pa juu, maana hupita kooni mwa mtoto. Chupa tutazitia mawe madogo na kuziziba kwa gundi, na kila moja tutaivuta kwa nguvu ya mtu mzima kabla ya kumpa mtoto.